Shajara ya Mradi: Ufafanuzi wa Sauti wa Out of Africa kwa Watazamaji Wasioona, Nairobi

Februari, wiki ya kwanza

Mradi umeanza rasmi. Tunakusudia kuandaa ufafanuzi wa sauti kwa Kiswahili wa filamu ya Out of Africa, ili watu wasioona wa hapa Nairobi waifuatilie wakiwa wamekaa na jamaa zao wanaoona, bila mtu yeyote kulazimika kumnong'oneza mwenzake. Kwa wasioijua kazi ya aina hii, msimulizi hueleza kwa ufupi yale yanayoonekana tu kwenye kioo, akitumia nafasi zinazobaki wazi kati ya mazungumzo, na msikilizaji huipata sauti hiyo kupitia simu yake na kifaa cha sikio moja, huku sikio la pili likibaki kwa filamu yenyewe. Filamu haiguswi hata kidogo. Tunachotengeneza ni faili ya sauti inayokwenda nayo sambamba.

Baadhi ya wenzetu waliuliza kwa nini tuanze na filamu ndefu hivi, ya dakika 161, tena ya mwaka 1985. Jibu langu ni kwamba sifa zake nyingi ni za macho. Usiku wa tarehe 24 Machi 1986 filamu hii iliyoongozwa na Sydney Pollack ilitwaa tuzo saba za Oscar, miongoni mwazo ile ya filamu bora, ya mwongozaji na ya upigaji picha, uliofanywa na David Watkin. Mtu asiyeona huambiwa kuwa ni nzuri mno, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Isitoshe, mahali penyewe ni petu. Wasikilizaji tuliowaalika kwenye majaribio wanaishi Dagoretti, Kawangware, Kibera na Ngong, na Milima ya Ngong, inayotajwa mwanzoni mwa filamu, ndiyo inayowapelekea upepo wa jioni.

Hadithi inajulikana. Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark, anafika Afrika Mashariki kuolewa na Bror von Blixen-Finecke, analima kahawa, ndoa inavunjika, anapendana na mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, shamba linafilisika, Denys anakufa katika ajali ya ndege, naye Karen anarudi kwao mwaka 1931. Katika filamu wahusika hao wanaigizwa na Meryl Streep, Klaus Maria Brandauer na Robert Redford.

Tumekubaliana kuhusu kanuni moja kabla ya kuandika lolote: msimulizi husema kinachoonekana, wala hasemi anachokijua. Mfano ni harusi. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba Karen na Bror walifunga ndoa Mombasa tarehe 14 Januari 1914. Filamu imeihamishia harusi hiyo Nairobi, siku ileile bibi harusi anaposhuka kwenye garimoshi. Sisi tutaeleza bustani na wageni waliomo, na historia itatafutiwa mahali pengine.

Februari, mwishoni

Tumeigawa filamu katika sehemu na kuorodhesha mapengo yote yasiyo na mazungumzo. Kazi hii inachosha na haina mengi ya kusimuliwa, ila imetufunza kwamba filamu hii ina tabia ya ajabu: penye watu wengi mapengo ni ya sekunde mbili au tatu, na penye nyika na anga pengo linaweza kuendelea mpaka msimulizi akajiuliza kama amesahauliwa.

Safari ya garimoshi ya mwanzoni ndiyo tuliyoitumia kama zoezi. Garimoshi linakatiza nyanda, linasimama pasipo na kituo, na Denys anatokea akiwa na shehena ya pembe za ndovu. Hapo msikilizaji lazima aambiwe kuhusu pembe kabla hazijatajwa kwenye mazungumzo, la sivyo atasikia watu wakizungumza juu ya kitu asichokijua. Tulikwenda pia katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, kuona na kugusa injini za zamani. Injini nambari 301, iliyoonekana kwenye filamu, ipo pale. Mwenzetu asiyeona, ambaye ndiye mhariri wetu mkuu wa lugha, alipapasa gurudumu lake kwa muda mrefu, kisha akafuta neno "kubwa" katika muswada na kuandika badala yake kwamba gurudumu linamfikia mtu kifuani.

Machi, wiki ya pili

Wiki hii yote imekwenda kwa jambo moja, na sioni vibaya kulieleza kwa kirefu kwa kuwa ndilo litakaloamua sura ya kazi yetu.

Katika sehemu kubwa ya filamu, Waafrika wako ndani ya picha bila kusema neno. Wamesimama nyuma ya viti, wamebeba masanduku, wanapalilia mibuni, wanatembea kando ya mkokoteni wa ng'ombe. Mtu anayeona huwaona hata asipowatilia maanani. Asiyeona hawapati kabisa, isipokuwa msimulizi awataje. Katika rasimu ya kwanza ya sehemu ya karamu ya usiku, wakati Karen anapowasimulia Denys na rafiki yake Berkeley Cole hadithi mezani, mwandishi wetu alitumia mapengo yote kwa mishumaa, bilauri na macho ya Denys. Muswada ulisomeka vizuri, lakini chumba kilikuwa na watu watatu tu.

Mhariri wetu alisikiliza akauliza, "Na chakula kimeletwa na nani?"

Swali hilo lilizua mjadala mkali. Upande mmoja ulishikilia kwamba pengo la sekunde mbili ni la kisa, na kisa cha usiku ule ni wawili wanaoanza kupendana. Kumtaja mtumishi ni kumtoa msikilizaji kwenye mapenzi na kumpeleka kwenye siasa. Upande wa pili, ambao nauunga mkono, ulisema kwamba hapa hakuna siasa, kuna usahihi. Mtu akiwa ndani ya fremu, yumo. Anayemwacha kwa sababu hasemi ndiye aliyefanya uamuzi, na uamuzi huo ni mzito kuliko wa mwongozaji, kwani mwongozaji angalau alimweka mbele ya kamera.

Glavu ndizo zilizomaliza ubishi. Karen anamvisha Juma, mtumishi wa mezani, glavu nyeupe. Muda mrefu baadaye, shamba likiwa limeshapotea, anamvua glavu hizo kwa mikono yake mwenyewe. Tendo hilo la mwishoni ni fupi mno, na kwa maoni yangu linasema juu ya Karen mambo ambayo hotuba ndefu isingeyafikia. Msikilizaji ambaye hakuambiwa habari za glavu tangu mwanzo hawezi kulielewa, na msimulizi hawezi kulifidia kwa wakati huo kwa kuwa hana nafasi ya kueleza yaliyopita. Kwa hiyo glavu zimeingizwa katika karamu ya kwanza, na kila zinapoonekana mahali ambapo pengo linaruhusu: "Mikono ya Juma, ndani ya glavu nyeupe, inaweka sahani mbele ya Denys." Mstari huo umechukua nafasi ya mishumaa, nami siisikitikii mishumaa.

Jambo kama hilo limejitokeza katika mazungumzo ya Karen na chifu kuhusu shule ya shambani. Farah Aden, Msomali anayesimamia nyumba na mambo yote ya Karen, anayeigizwa na Malick Bowens kutoka Mali, anafasiri maneno ya chifu: watoto warefu kuliko hapa wasifundishwe kusoma. "Hapa" ni wapi? Anayeona anajua kwa sababu ameiona ishara. Pengo lililopo halitoshi hata pumzi moja, kwa hiyo tumeweka maelezo ya ishara hiyo sekunde chache mapema, kabla ya Farah kufungua kinywa. Kuna wanaodai kwamba kutangulia hivyo ni kuharibu. Mimi naona ni afadhali habari iwahi kuliko ichelewe.

Machi, baada ya Pasaka

Ziara ya Makumbusho ya Karen Blixen. Nyumba hiyo ilinunuliwa na serikali ya Denmark na kutolewa kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, filamu ikiwa bado inavuma. Wageni wengi hudhani vyumba wanavyovitembelea ndivyo vilivyo kwenye filamu. Ukweli ni kwamba upigaji picha ulifanyika katika nyumba yake ya awali iliyo jirani. Kwa mradi wetu ziara ilikuwa na faida moja kubwa, nayo ni veranda. Mhariri alisimama pale akigeuka taratibu mpaka mtembezaji wetu pale makumbusho akamwambia kwamba sasa ameielekea milima. Alitaka kujua iko umbali gani, inachukua upana gani wa upeo, na kama vilele vyake vinahesabika. Nilimwambia vinahesabika. Maelezo ya milima katika muswada yamefupishwa tangu siku hiyo, na yamekuwa bora.

Aprili

Tumefika kwenye ndege.

Kila aliyeiona filamu hii huikumbuka sehemu hii: Denys anatua na ndege ndogo ya njano aina ya Gipsy Moth, anampandisha Karen, na kwa dakika kadhaa hakuna anayesema lolote, isipokuwa muziki wa John Barry. Rasimu zetu zilikuwa na maneno mengi. Kulikuwa na mabonde, maporomoko, makundi ya wanyama, mawingu, kivuli cha ndege juu ya nyasi. Mwandishi alijitahidi, na sentensi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisita kuzigusa.

Wasikilizaji wawili waliokuja kuzisikiliza hawakusita. Mmoja ni mzee aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, wa pili ni mama ambaye hajawahi kuona tangu kuzaliwa. Mzee alisema anaikumbuka nyika na anaweza kuijaza mwenyewe, mradi aambiwe ndege iko wapi. Mama alisema, "Mwanangu, rangi ya dhahabu hainipi kitu. Niambie wako juu kiasi gani, na kama kuna baridi." Kisha wote wawili wakatuomba tunyamaze ili muziki usikike.

Ufafanuzi wa sehemu hiyo umebaki na mistari michache. Tunasema ndege imepaa. Tunasema viti ni viwili na viko wazi, Karen mbele, Denys nyuma yake, upepo ukiwapiga usoni. Tunasema chini kuna ziwa, na heroe kwa maelfu wanatawanyika juu ya maji. Halafu kimya kirefu, na mwishoni: "Bila kugeuka, Karen ananyoosha mkono nyuma. Denys anaushika." Tulibishana kama tuseme kwamba Karen analia au anatabasamu. Nimeamua tusiseme. Msikilizaji ana muziki na ana mkono, na vinamtosha.

Ninaongeza hapa neno kuhusu muziki. Sifa zote humwendea Barry, na wakati mwingine Mozart, ambaye sehemu ya polepole ya konserto yake ya klarineti inasikika kwenye gramafoni porini. Wachache hukumbuka kwamba muziki wa Kiafrika wa filamu hii ulishughulikiwa na George Senoga-Zake, mmoja wa jopo la wanamuziki waliotunga wimbo wetu wa taifa. Katika sehemu zenye uimbaji huo tumejiwekea mwiko: msimulizi asiseme lolote wakati waimbaji wanaimba.

Aprili, mwishoni

Kurekodi kumeanza. Chumba tulichoazimwa kiko karibu na barabara, na mvua za masika juu ya mabati hazina huruma na kipaza sauti, kwa hiyo tunarekodi alfajiri. Msomaji wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili mwenye sauti nzito isiyotetereka. Tumemwomba asiigize hata pale mambo yanapohuzunisha.

Mei, wiki ya kwanza

Onyesho la majaribio la nusu ya pili. Mengi yalikwenda sawa. Sehemu ya Karen kuoshwa nywele kando ya mto ilipokelewa kwa vicheko vya furaha, na mzee mmoja akauliza kama kweli huyo Denys alikuwa mwindaji au kinyozi. Simba walihitaji kazi zaidi, kwa kuwa mngurumo unasikika kabla ya msimulizi kusema simba yuko upande gani, na hofu ya msikilizaji inahitaji mwelekeo.

Sehemu ya gavana ndiyo iliyoleta maneno mengi zaidi. Karen, akiwa karibu kuondoka, anapiga magoti mbele ya gavana mpya na wageni wake akiomba Wakikuyu wanaoishi shambani wapewe ardhi ya kukaa pamoja. Sehemu hiyo ilipigwa picha katika Nairobi School, ambako jengo la utawala lilitumika kama makazi ya gavana, na kijana wetu mmoja aliyesoma pale alitamani sana tulitaje. Kanuni ni kanuni. Tumeeleza nguzo na ngazi tu.

Lakini wasikilizaji walikuwa na swali zito kuliko la jengo. Walitaka kujua kwa nini watu wa pale waombewe ardhi yao. Mama mmoja kutoka Dagoretti alisema alisikia habari za jambo hilo kwa wazee wake, na kwamba filamu imemwacha njiani: Karen anapiga magoti, gavana anasitasita, mke wa gavana anatoa neno lake, kisha tunahama.

Swali hilo haliwezi kujibiwa ndani ya pengo la sekunde tatu, na msimulizi hana ruhusa ya kulijibu. Hapo ndipo wazo la utangulizi lilipozaliwa. Ni rekodi fupi itakayosikika kabla ya filamu, ambamo kanuni ya kusema kinachoonekana haitatumika.

Mei, wiki ya tatu

Rasimu ya utangulizi imekamilika baada ya kukatwa sana. Ilipoandikwa mara ya kwanza ilikuwa na kila kitu: Hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa 1904, Klabu ya Muthaiga, kukamatwa kwa mwanasiasa Harry Thuku na mauaji ya waandamanaji ya tarehe 16 Machi 1922. Mwenzetu mmoja aliniambia kwamba kumwacha Thuku ni aibu. Namheshimu, lakini filamu haifiki mjini katika miaka hiyo, na utangulizi ni wa kumwandaa msikilizaji kwa filamu hii, si kwa mtihani wa historia. Nimebakiza yale yanayobeba kisa.

La kwanza ni ardhi. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa walowezi uwezo wa kukodi ardhi kwa miaka 999. Wakikuyu waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo wakageuzwa maskwota, na sheria ya 1918 ikawataka wamfanyie kazi mwenye shamba angalau siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima na kufuga. Karen mwenyewe aliandika juu ya watu wake kwa upendo ambao sina sababu ya kuutilia shaka. Hata hivyo Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali kwa namna alivyowachora Waafrika, na msikilizaji anayezijua sheria hizo mbili atafahamu kwa nini upendo na ukosoaji vinaweza kusimama juu ya shamba moja. Kuhusu swali la mama wa Dagoretti, utangulizi unasema kwamba maskwota hao hatimaye walipewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti, wakahamia huko pamoja.

La pili ni kahawa. Shamba lilikuwa kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 6,000, palipo na baridi isiyoipendelea mibuni. Filamu inaligusa jambo hili kwa maneno machache, na wasikilizaji wengi walidhani moto wa kiwandani ndio uliomfilisi Karen. Moto ulikuwa pigo juu ya udhaifu wa siku nyingi. Ardhi iliuzwa kwa kampuni iliyoigawa kuwa viwanja vya makazi, na mtaa uliotokea ndio Karen ya leo.

La tatu ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Filamu inamwonyesha Karen akiongoza mikokoteni ya ng'ombe kupeleka vifaa kwa wanajeshi, na ni sehemu ya kusisimua. Wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa katika vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Soko la Kariakor limebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na sanamu ya watu watatu iliyosimamishwa mwaka 1928 bado iko Kenyatta Avenue, ambako wasikilizaji wetu kadhaa hupita kila wiki wakielekea kazini.

La nne lilinisumbua kuliko yote. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto Voi, muda mfupi baada ya kupaa. Ndani yake alikuwamo pia Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, naye akafa pale pale. Filamu inaleta habari ya kifo cha mtu mmoja na kutupeleka kwenye kaburi moja katika Milima ya Ngong. Kulikuwa na pendekezo kwamba msimulizi alitaje jina la Kamau wakati wa mazishi, kwa kuwa pengo lipo na ni refu. Nilikataa, si kwa kutomjali Kamau, bali kwa sababu tukishaanza kumwekea msikilizaji asiyeona picha ambazo jirani yake anayeona hazioni, tumewatenganisha tena watu tuliotaka wakae pamoja. Katika mazishi tunasema alichofanya Karen: anachukua konzi ya udongo, hautupi kaburini, anaupitisha nyweleni mwake na kuondoka. Jina la Kamau limo kwenye utangulizi, na msomaji ameombwa atue kidogo baada ya kulitaja.

Juni

Rekodi zote zimeunganishwa. Sauti ya msomaji imeshushwa kidogo katika sehemu za muziki, na alama za kuoanisha faili na filamu zimefanya kazi kwenye simu za bei nafuu tulizozijaribu, isipokuwa aina moja inayojizima kioo kinapolala. Mwenye simu hiyo atapewa redio ndogo ya kupokelea badala yake. Utangulizi utachezwa kwa ukumbi mzima kupitia spika, ili wanaoona nao wausikie.

Jambo moja limebaki wazi. Mhariri wetu anataka mstari wa stesheni, pale Karen anapomwachia Farah dira na kumwomba alitamke jina lake, urekodiwe upya bila kivumishi chochote. Kwa sasa unasema kwamba uso wa Farah umetulia. Yeye anasema utulivu ni tafsiri yetu, na kwamba kinachoonekana ni mtu aliyesimama wima akimtazama mwanamke. Msomaji atarudi chumbani alfajiri ya Alhamisi kwa ajili ya sentensi hiyo, kisha faili itapelekwa kwa fundi wa ukumbi.